Ng'ombe Hawaigizi

Wiki iliyopita nilikabidhi ufunguo wa kabati la mikanda ya sinema, nikapewa doti ya kanga, saa ya ukutani na hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu. Ilitaja vyeo vyangu vyote, vingine nilikuwa nimevisahau mwenyewe, lakini ng'ombe haikumtaja hata mmoja. Nikajiuliza, jamani, huyu msemaji anamuaga nani? Miaka yote hiyo ya kukagua picha, na aliyenifanya nikaheshimiwa katika kazi hii ni mtamba mmoja wa Kharumwa, ng'ombe jike mchanga. Basi nimekaa barazani na kalamu yangu, nawaandikia ninyi mliobaki pale ofisini, mnaoniita Bibi Makosa mkidhani sisikii. Nasikia.

Kazi yenyewe ni hii: mtu akiingia mlangoni na kofia kichwani, asitokee chumbani kichwa wazi. Picha ya sinema haipigwi kwa mfuatano. Mlango unapigwa Jumatatu, chumba kinapigwa mwezi ujao, na hapo katikati mchezaji amenyoa, ameugua malaria, amenenepa. Lazima awepo mtu mmoja mkorofi anayekumbuka kila kitu. Siku hizi mnaisomea kazi hiyo, mnapewa na cheti. Mimi niliianza na pasi ya mkaa.

Niliajiriwa Shinyanga, miaka ya hamsini ilipokuwa michanga, kufua na kupiga pasi nguo za wachezaji. Mume wangu alikuwa anafanya kazi mgodini Mwadui, mtoto wetu Limi ameshaanza kutembea, nami nilikuwa nimechoka kukaa kambini nikihesabu mabati. Kikosi chetu cha sinema kilikuwa na lori moja, jenereta moja, na kamera mbili ambazo moja ilikuwa inatolewa vipuri vya kumponya mwenzake. Mkuu wetu alikuwa Mwingereza, Bwana Piti, mtu mpole mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Tulikuwa tunatengeneza vichekesho vifupi vya familia moja, familia ya Baba Kulwa: baba bahili, mke anayemzidi akili, na watoto wasiosikia. Vikikamilika tunavizungusha kwa lori, Mwadui, Kahama, machimbo ya dhahabu ya Geita, minadani. Tunatandaza shuka jeupe, jua likizama tu tunawasha mashine, na watu wamekwisha kujaa.

Mmeniuliza mara nyingi siri za zile picha, haya. Nyumba ya Baba Kulwa ilikuwa na kuta tatu. Ukuta wa nne hatukuujenga kwa sababu pale ndipo kamera iliposimama, na mvua ilikuwa inaingia humo bila hodi. Saa ya ukutani ilikuwa mbovu, kwa hiyo katika ile familia chakula cha mchana, cha jioni na ugomvi wote vilitokea saa nne kasoro robo. Katika kichekesho cha kwanza Baba Kulwa anamkimbiza jogoo kuzunguka nyumba. Yule jogoo dereva wetu alimla kabla hatujapiga kipande cha pili. Mkitazama vizuri mtaona anaondoka jogoo, anarudi mtetea.

Na Kulwa mwenyewe, yule mtoto, walikuwa watoto wawili, mapacha kweli, Kulwa na Doto, wakipokezana, mmoja akisinzia tunamleta mwenzake. Doto akang'oka jino. Katika kichekesho cha pili Kulwa anacheka na meno yote, anageuka ana pengo, anageuka tena meno yamerudi. Kule Geita wachimbaji walicheka mpaka wakalala chini. Bwana Piti akaandika kwenye ripoti yake kwamba yule mtoto ana kipaji.

Mimi nilianza kuandika kwa sababu ya shati. Wiki yangu ya kwanza tu, nilimwona Baba Kulwa anasimama mbele ya kamera na mikono ya shati imeshuka, nami nakumbuka jana yake aliikunja mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia Bwana Piti.

"Una hakika, Mama Limi?" akaniuliza.

"Mikunjo nimeinyoosha kwa pasi mwenyewe. Nitakosaje kuijua?"

Akanipa penseli na kidaftari kidogo. Lakini akainua kidole. "Nguo, Mama Limi. Nguo tu."

Aliyeigiza Baba Kulwa alikuwa Mzee Shija, mfugaji wa Kharumwa. Zamani alipata kuwa nyapara wa wachimbaji kule Geita, na sauti ya unyapara haikumtoka. Huyu ndiye mwalimu wangu, ingawa hakujua kama anafundisha. Akishika kikombe kwa mkono wa kushoto leo, mwezi ujao atakishika kwa kushoto. Akikohoa kabla ya neno fulani, tukirudia mara saba atakohoa mara saba. Nikamuuliza anawezaje. "Mayu," akasema, maana wazee wa Kisukuma hata mwanamke mdogo humwita mama, "mimi nimewasimamia wachimbaji. Nimeona watu wakidanganya kila siku. Wanaokamatwa ni wale wasiokumbuka walichosema jana." Hilo nililishika nikaliweka.

Sasa tufike kwenye kichekesho cha tatu, cha mahari. Hadithi yake ilikuwa kwamba Baba Kulwa anamwozesha mwanawe mkubwa na roho inamuuma kutoa ng'ombe. Tulihitaji ng'ombe wa kweli, na Mzee Shija akatoa wa kwake. Alikuwa na sababu. Wale ng'ombe walikuwa wameshatengwa kwa mahari ya kweli: kijana wake Masele alikuwa anamposa Holo, binti wa Mzee Nkwabi wa upande wa Kahama. Nkwabi alikuwa amekuja mwenyewe mpaka Kharumwa, akawapapasa mmoja mmoja, akachagua. Mzee Shija alitaka dunia nzima iwaone. Alikuwa anajivuna, na alikuwa na haki.

Siku ya kwanza tulipiga ng'ombe wakiingia kwenye lango la zizi la wakwe. Wa mwisho alikuwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe begani, mzuri, anatembea kwa maringo. Halafu mvua ikatufukuza. Tuliporudi wiki tatu baadaye kupiga kile kipande cha Baba Kulwa akiwasifia ng'ombe ndani ya zizi, yule mtamba hakuwapo. Alikuwa na mimba, amepelekwa kwa ndugu wenye majani mazuri. Wachungaji wakaleta ng'ombe mwingine mweusi, naye ana baka jeupe, lakini baka liko ubavuni, na pembe zimeinama chini, na umri wake, Mungu wangu, alikuwa bibi wa watu.

Mimi nimechunga. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo fimbo nilishika mimi. Nikamsogelea Mzee Shija. "Mzee, huyu siye."

"Najua siye."

"Sasa?"

"Mzungu atajulia wapi? Mweusi, baka jeupe, basi. Tupige, twende tukale."

Nikaenda kwa Bwana Piti mwenyewe. Hata hakuinua macho kutoka kwenye kamera. "Nguo, Mama Limi. Ng'ombe ni ng'ombe tu."

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea na ninakiri. Tulikuwa watu wawili tunaojua ng'ombe, mimi na Mzee Shija, tukakaa tunamfikiria mzungu mmoja, tukasahau kwamba watazamaji wetu wote, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, mtu akimwona ng'ombe mara moja anamjua kama anavyomjua shemeji yake.

Mikanda siku zile ilisafirishwa kwa meli kwenda Ulaya kusafishwa na kuunganishwa, ikirudi miezi imepita. Kichekesho cha mahari kiliporudi tulianza kukionyesha Mwadui. Mambo yalikwenda vizuri mpaka lile zizi lilipotokea. Sauti moja kutoka nyuma: "Huyo siye!" Na mwingine: "Mtamba yuko wapi?" Halafu uwanja mzima ukalipuka, watu wanapiga magoti kwa kicheko, wengine wanapiga miluzi. Bwana Piti, Kisukuma hakijui, alikuwa anatabasamu pale kando ya mashine, anaandika. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tukaonyesha Kahama. Siku tatu baadaye Mzee Shija alinifuata chumba cha kupigia pasi. Sikuwahi kumwona mtu yule bila mzaha mdomoni. Alikaa juu ya kreti, kofia anaizungusha mikononi.

"Nkwabi alikuwapo," akasema. "Amenitumia mtu. Anasema binti yake hatoki."

"Kwa ajili ya picha?"

"Kwa ajili ya yule kikongwe. Anasema nimembadilishia. Masele hali chakula, Mama Limi. Kijana hali. Ninamtazama na kosa ni langu. Twende wote, wewe ukamweleze, ulikuwapo."

Tukaenda. Mzee Nkwabi alitupokea vizuri, shikamoo akaitikia, maji ya kunywa tukaletewa, na hapo nikajua mambo ni mabaya, maana mtu mwenye hasira za kupoa hugomba. Yeye hakugomba. Nikamweleza yote, wiki tatu, mvua, mimba ya mtamba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu, nimekuelewa," akasema. "Mchezo ni mchezo. Maneno Shija ameambiwa ayaseme, sawa, ayaseme. Lakini ng'ombe hawaigizi. Wale ni ng'ombe wa kweli, niliwachagua kwa mkono wangu, na Kahama nzima imemwona mtamba wangu anaingia langoni, akatokea zee moja lisilo na meno."

"Mtamba yupo," Mzee Shija akasema. "Twende Kharumwa sasa hivi ukamwone."

"Nikamwone mimi peke yangu? Wao watasema Nkwabi alipewa kikongwe akanyamaza. Watamcheka binti yangu kisimani. Waliomwona akipotea, haohao wamwone akirudi. Kama huwezi, kuna watu wa Nzega wameshaulizia. Nitawajibu mvua zikianza."

Nyuma ya ukuta wa ndani nikasikia mtu anavuta pumzi kwa kwikwi. Alikuwa Holo. Nilirudi Shinyanga nimekasirika, na hasira nyingi zilikuwa juu yangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi niliingia ofisini kwa Bwana Piti bila kubisha. "Bwana, pale Mwadui walipocheka sana, unajua walikuwa wanasema nini?"

"Walifurahi."

"Walisema huyo siye. Walikuwa wanamcheka ng'ombe. Wanatucheka sisi."

Akanitazama. Nikachukua mkanda, nikaunyoosha dirishani, nikampa kioo cha kukuzia. Akatazama langoni, akatazama zizini, akarudi langoni. Pua yake ikazidi wekundu.

"Na lile jino la mtoto?" akauliza taratibu.

"Na jino pia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema nguo."

Nikamweleza habari ya Masele na Holo, nikamwambia ninachotaka: kichekesho kipya kifupi, ambamo Mama Kulwa anagundua kwamba mumewe amebadilisha ng'ombe, anamlazimisha kumrudisha mtamba mbele ya watu. Kosa letu liwe ndiyo hadithi. Akafungua kabati. Ilikuwa imebaki mikanda mitatu isiyopigwa, ya mwaka ule mzima, na miwili ilikwisha kuahidiwa kwingine.

"Mmoja," akasema. "Mkikosea, hakuna mwingine." Kisha akachukua kutoka mezani pake daftari kubwa lenye jalada gumu, akanipa. "Kila kitu, Mama Limi. Siyo nguo tu."

Vijana, mkitaka kujua kazi hii ni nini, msome nilichofanya wiki ile. Kipande cha langoni tulikuwa tumekipiga wakati wa mvua, na sasa ni kiangazi, vumbi tupu. Niliwaomba kina mama wa Kharumwa wabebe maji, tukalowesha lango mpaka likawa tope, ng'ombe wenyewe wakashangaa. Boriti ya kushoto ya lango ilikuwa imevunjika mara ile, wamekwisha kuitengeneza, nikaivunja upya, mwenye zizi akanitukana. Shati la Mzee Shija nililikunja mimi, mikunjo mitatu. Nilingoja jua lifike upande uleule. Bwana Piti anauliza, "Tayari?" nami namwambia bado. Bado. Bado. Mtu mzima mwenye lori lake ananingoja mimi mpiga pasi, nami nimesimama topeni na daftari. Siku ile nilijiona, siwafichi.

Jambo moja tu sikuweza kulirudisha nyuma. Yule mtamba alikuwa amezaa. Ndama wake, mweusi wote, hakubali kuachana na mama hata hatua mbili. Nikaamua apite na mama yake tu, tutasema ni siku nyingi zimepita. Mama Kulwa wetu, Bi Zuhura, mwanamke wa Tabora mwenye mgahawa wake pale Shinyanga, akasema nisijali, atapata neno la kusema.

Kamera ikaanza. Mtamba akapita langoni na ndama nyuma. Bi Zuhura akashika kiuno, akamgeukia mumewe wa kwenye picha. "Ahaa! Kumbe ulimficha ili azalie kwako! Basi na ndama anakwenda! Mfuate mama yako, mwanangu, usimtazame huyu bahili!" Na akamsukuma ndama ndani ya zizi la wakwe.

Mzee Shija alifungua mdomo. Maneno yale hatukukubaliana, na ndama alikuwa mali yake halisi. Akigoma, mkanda umeharibika na Masele hana mke. Akikubali, nchi nzima itamwona ametoa. Nilimwona anahesabu yote hayo machoni. Kisha akakohoa kikohozi chake, akavua kofia, akampungia ndama mkono wa kwaheri kwa uso wa msiba ambao sijauona tena kwa mchezaji yeyote. Bwana Piti akasimamisha kamera, kicheko kikapasuka zizini.

"Zuhura!" Mzee Shija akapiga kelele. "Ndama ni wangu!"

"Alikuwa," Bi Zuhura akajibu, akaenda kunywa maji.

Mkanda ukaenda Ulaya. Tukangoja. Nilikuwa nakwenda stesheni ya Shinyanga kila treni ikiingia, mpaka karani wa vifurushi akiniona kwa mbali anatikisa kichwa. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa ziwani. Mzee Shija hakuuliza kitu tena, ananitazama tu usoni ninaporudi, kisha anatazama juu. Na siku kifurushi kilipofika sikungoja lori. Nilikibeba kichwani kutoka stesheni mpaka ofisini, nikipita katikati ya mji nikiimba.

Kahama walijaa kuliko siku zote, maana habari ilikwisha kutangulia. Mzee Nkwabi alikuja na kigoda chake, akakaa mbele kabisa, mikono juu ya fimbo. Nyuma yake wanawake, Holo katikati yao amejifunika kanga mpaka puani. Mimi na Mzee Shija tulisimama ubavuni mwa shuka. Mkono wake ulikuwa baridi, najua kwa sababu alinishika.

Baba Kulwa akatokea, watu wakamzomea. Mama Kulwa akamfuata zizini, akamwonyesha kidole yule kikongwe, watu wakashangilia: "Mwambie! Mwambie!" Halafu lango. Tope, boriti iliyovunjika, mikunjo mitatu. Ng'ombe wakaanza kupita, na umati ukawa unawatambua kwa sauti, wa pembe ndefu, wa madoa, dume la kijivu, kila mmoja akipita wanasema, "Ndiye." Mwisho akatokea mtamba mwenye baka begani, na ndama nyuma yake. Uwanja wote ukamgeukia mtu mmoja.

Mzee Nkwabi akainuka. Mwanga wa mashine ukampiga mgongoni, kivuli chake kikajaa kwenye shuka karibu na ng'ombe. Akatazama mpaka mkanda ulipokwisha na shuka likabaki jeupe. Akageuka.

"Ndiye," akasema. "Shija! Na huyu ndama?"

"Ni wako, mzee," Mzee Shija akajibu. "Watu wote hawa wameshamwona. Nitafanya nini?"

Kicheko kiliangusha watu. Mzee Nkwabi naye akacheka, mara ya kwanza, meno yote nje, akanyoosha mkono. "Mzazi mwenzangu," akasema, "walete."

Vigelegele vya kwanza vilitoka chini ya ile kanga, kabla hata mama yake hajaanza. Bwana Piti akaniuliza wamesema nini safari hii, nikamwambia wamesema ndiye. Mzee Shija alitoka mbele ya mwanga, akamshika Nkwabi mkono kwa mikono miwili, akaanza kulia, mabega yanamtetemeka. Watu wakazidi kucheka na kupiga makofi, wakidhani Baba Kulwa anaigiza. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Machozi yalikuwa ya kweli, na yangu pia. Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri tukiwa na lori njiani kurudi Kharumwa, na asubuhi ng'ombe wakaanza safari ya Kahama, Masele akiwaswaga, ndama ametangulia mbele.